Sogea Kidogo, Shangazi

Aliyenitoa kwenye picha ni mtoto niliyemfundisha mwenyewe kufunga vifungo vya shati. Nalisema hilo mwanzoni ili mtu asije akaniambia nipunguze sauti. Wapo wanaopenda kusema hasira hasara. Hao hawajawahi kurudi nyumbani wakakuta mlango wao umebandikwa karatasi inayosema hawapo.

Mimi ni dobi. Marehemu baba alikuwa dobi, na nyumba ninayokaa ndimo nilimozaliwa: nyumba ya kale ya ghorofa moja, kuta nene za chokaa, mlango wa mbao mzito ambao mgeni hawezi kuufungua mpaka aambiwe ausukume kwa bega, na katikati uwanja mdogo wenye kisima. Kisima ndicho roho ya nyumba. Mabomba ya mtaa yakikohoa hewa, mimi nachota. Dobi asiye na maji ni mtu mwenye ndoo tu. Nje, kutoka kwenye nondo za dirisha langu hadi kwenye msumari wa ukuta wa fundi cherehani, ng'ambo ya kichochoro, imepita kamba yangu ya kuanikia. Jua la asubuhi linapenya hapo moja kwa moja. Watu hupita chini ya mashati wakiinamisha vichwa, wengine wakinitania kwamba siku moja watapita na moja, nami nawajibu wachague linalowatosha kwanza.

Mtoto mwenyewe ni wa marehemu kaka yangu. Tunamwita Jicho, kwa sababu tangu mdogo akitazama kitu chochote, hata sahani ya wali, alikuwa akifumba jicho moja. Amekulia kwangu. Alipopata kamera ya kwanza alinipiga picha nikiwa na povu hadi viwikoni, nikiwa nimelala mdomo wazi, nikigombana na paka, mpaka nikamfichia betri. Akakua, akawa mpigapicha wa harusi. Kisha ofisi ya urithi wa mji ikampa kazi ya kupiga picha majengo yote ya kale: mnara wa taa, ngome, forodha ya zamani, ngazi za bandarini, na nyumba nzuri za mtaa wetu. Picha zingetundikwa kwenye maonyesho, na zingepelekwa makao makuu kwa kamati inayoamua jengo gani litunzwe namna gani. Nilifurahi mno. Niliwatangazia wateja wangu wote hadi wakaanza kuniachia nguo mlangoni na kukimbia.

Alikuja asubuhi na stendi yake ya miguu mitatu, akaisimamisha kichochoroni, akafumba jicho.

"Shangazi, naomba uanue nguo."

"Zimetoka kwenye ndoo sasa hivi."

"Kamba inakata mlango katikati. Ni muda mfupi tu, halafu utaanika tena."

Nikaanua, nikaifungua na kamba. Yalikuwa mashati meupe ya mkuu wa hiyo ofisi ya urithi, mtu anayevaa tai hata siku ambazo mshumaa unainama wenyewe kwa joto. Mtaa mzima unamwita Bwana Tai. Wengine humwita hivyo wakimfikiria yule ndege, na sijawahi kuwakosoa. Baada ya mashati, Jicho akataka niondoe mabeseni. Nikaondoa. Kigoda changu. Pasi ya mkaa iliyokuwa ikipoa dirishani. Ndala zangu zilizokuwa kizingitini. Hata paka alifukuzwa. Ng'ambo, fundi cherehani aliambiwa aingize mashine yake ndani na ateremshe mlango wa duka, naye akatii huku akiuliza kama kuna rais anapita.

"Sasa wewe, shangazi. Sogea kidogo."

Nikasogea.

"Kidogo tena. Bado nakuona bega."

"Niende wapi, nipande ukutani?"

"Ingia ndani kabisa. Funga mlango."

"Nijifungie ndani mwangu kama niliyeiba?"

"Ndivyo zinavyopigwa picha za majengo," akasema, kwa upole wa mtu anayemfafanulia mtoto. "Mtu akiwepo, macho ya anayetazama yanamfuata mtu. Jengo linapotea."

Basi nikasimama nyuma ya mlango, mashati ya watu mikononi yakinilowanisha tumbo, nikisikiliza kamera ikilia nje. Nilikuwa najivuna, huo ndio ukweli. Nikajiambia kijana wa nyumba hii anaipiga picha nyumba hii, na baba yangu angelipenda hilo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wala sikujua kwamba nimeshaanza.

Karatasi ilibandikwa majuma machache baadaye. Nilikuwa nimetoka kupeleka nguo, nikarudi na tenga tupu kichwani, nikamkuta fundi cherehani amesimama mbele ya mlango wangu akisoma. Alinisomea kwa sauti ingawa najua kusoma kumshinda. Kwamba jengo hili la urithi limethibitika halikaliwi. Kwamba ofisi italichukua na kumkabidhi mwekezaji alikarabati. Kwamba mwenye pingamizi alete uthibitisho kabla kamati haijakaa.

"Kumbe hukai hapa," akasema. "Na ile sauti inayonigombeza kila asubuhi ni ya nani?"

Alitaka nicheke. Nilitua tenga nikaenda ofisini vile vile, na jasho langu.

Bwana Tai alinipokea vizuri. Alidhani nimeleta nguo.

"Nimejileta mimi," nikamwambia. "Nani amesema sipo?"

Hakuona haya. Alifungua bahasha kubwa, akaitoa picha ya nyumba yangu, akaigeuza niione. Sikuwa nimeiona kabla ya hapo. Ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe. Chokaa inang'aa, mlango umefungwa, kichochoro kimefagiwa na upepo, kimya kimetanda. Ilikuwa nyumba ya watu waliokufa zamani.

"Kamati iko makao makuu, haiji huku," akasema. "Inatazama picha. Wewe mwenyewe tazama. Unamwona mtu?"

"Namwona mtu amevaa shati nililolipiga pasi jana."

Akajishika ukosi bila kujua. "Mimi na wewe tunajuana, mama. Kamati haikujui."

"Si uwaambie basi. Nguo zako zinakauka kwenye nyumba ya nani, ya majini?"

"Maneno yanapingika. Picha haipingiki."

"Basi mtume kijana apige nyingine, nami niwemo."

"Ikija nyingine sasa, watasema imepangwa."

"Na ile ya kwanza haikupangwa?"

Akaanza kuzipanga karatasi zake, akizigonga mezani ziwe sawa. Akaniambia mwekezaji ameshapatikana, mtu makini, nyumba itapakwa rangi, itawekewa taa, mji utapata sifa. Mimi nisiwe na wasiwasi, ofisi imenitafutia chumba kwenye jengo jipya, ghorofa ya juu.

"Maji yanafika huko juu?"

"Siku nyingine yanafika."

Nilitoka bila kuaga. Nikitolewa kwenye nyumba ile nimetolewa nyumbani na kazini kwa pamoja, na yule mtu alikuwa akinieleza hilo huku ukosi wake umesimama kwa wanga wangu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Jicho. Chumba chake cha kazi ni kidogo, kimejaa nyaya na maboksi, na siku hiyo alikuwa anabandika picha za maonyesho kwenye mbao. Alipoona uso wangu akaacha gundi. Nilijua hapo hapo kwamba alikwisha kusikia habari za karatasi, na kwamba hakuja.

"Kabla hujaniingiza ndani ulipiga picha," nikasema. "Nilikuwa nimesimama na mashati, ukasema unapima mwanga. Nipe hizo."

Akaangalia sakafu. "Nilizifuta, shangazi."

"Ulizifuta."

"Kila yenye mtu naifuta. Ndivyo ninavyofanya kazi. Jioni nabaki na zile safi tu, ndizo ninazokabidhi."

"Kwa hiyo mimi ni uchafu."

"Sikusema hivyo."

"Umefuta, hukuhitaji kusema." Nikakaa kwenye boksi lake moja, likabonyea, sikujali. "Basi nenda kwa Bwana Tai. Mwambie ulinitoa. Mwambie nyumba ina mtu, na wewe mwenyewe umelala humo tangu hujaota meno."

"Nikisema niliipanga ile, watauliza na nyingine. Zote zitatiliwa shaka. Kazi nzima itaanguka, shangazi, na kitabu cha picha hizi kinakuja. Ndiyo mara yangu ya kwanza jina langu kuandikwa mahali."

"Na mimi nikianguka?"

Akafanya kile anachofanya siku zote, akafumba jicho moja, kana kwamba ananitafutia mahali pa kunisimamisha. Nikamwambia afumbe na la pili, maana hilo lililo wazi halimsaidii kitu. Nikaondoka. Nilimsikia akiita shangazi mara moja, kwa sauti ya chini, akaacha.

Fundi cherehani alinishauri nitulie. Alisema funika kombe mwanaharamu apite, chumba si kipo, na umri nao umeenda, kuinua mandoo kila siku si mchezo. Nikamuuliza kama kombe lenyewe ni nyumba yangu, litafunikwa na nini. Akarudi kwenye mashine yake, lakini sikusikia ikizunguka kwa muda mrefu.

Na juu ya yote hayo, ofisi ya urithi ikaniletea kazi. Vitambaa vyeupe vya meza kwa ajili ya ufunguzi wa maonyesho, rundo zima, pamoja na mashati ya Bwana Tai, na maagizo kwamba vinyooke. Walioleta waliingia kwenye nyumba isiyo na mtu, wakamsalimia mtu, wakamwachia mzigo, wakaondoka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikuwa nakifua, nakitia wanga na kukipiga pasi.

Nilivifua vitambaa vile vizuri sana. Hasira yangu siichanganyi na kazi. Mashati niliyaweka kando hadi asubuhi ya ufunguzi, nikayasuuza, nikayatia kwenye tenga yakiwa mabichi, juu yake shuka langu na gauni langu la kufulia. Halafu nikafungua kamba kwenye nondo za dirisha. Fundi alikuwa anapiga mswaki mlangoni kwake. Akanitazama, akatema, akaingia ndani, akatoka amevaa koti.

"Tenga la vitambaa nani anabeba?" akauliza.

Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi wa forodha ya zamani. Tuliingia kwa mlango wa nyuma, maana mtu aliyebeba vitambaa vya meza haulizwi kitu. Nilivitandika, kisha nikazunguka kutazama. Mji wetu wote ulikuwa ukutani na hapakuwa na mtu hata mmoja. Ngazi za bandarini, ambapo siku za kawaida huwezi kuweka mguu kwa wapagazi, zilikuwa tupu. Uwanja wa ngome ulikuwa mtupu, hata wale vijana wanaocheza mpira hapo kama wazazi wao walivyocheza walikuwa wameondolewa. Fundi cherehani alisimama mbele ya picha ya kichochoro chetu akaugusa ukuta wake kwa kidole.

"Mashine yangu iko wapi?"

"Uliambiwa uiingize ndani."

"Alisema ni dakika chache." Akaendelea kuitazama picha. "Na mimi wameshaniandika sipo?"

"Bado. Wanaanza na mimi."

Hakutania tena siku hiyo.

Picha ya nyumba yangu waliipa ukuta wa mwisho peke yake, kubwa kuliko zote, karibu na dirisha. Ule msumari ulikuwa unaonekana, umebaki bila kamba. Nikasimama nyuma ya meza ya vinywaji nikingoja. Wageni wakaingia, na mbele yao Bwana Tai akimwongoza mgeni rasmi, mama mfupi wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani. Huyo ndiye mwenyekiti wa ile kamati ya makao makuu. Nyuma yao alikuja Jicho, amechomekea shati, kamera shingoni, akipiga picha za shughuli. Aliponiona alinipungia kidogo. Sikumpungia.

Wakafika kwenye nyumba yangu.

"Hii ndiyo lulu yetu, mheshimiwa," Bwana Tai akasema, sauti imepanda ili watu wa magazeti wasikie. "Tuliikuta tupu. Imeachwa, inangoja mtu wa kuithamini."

Nikatoka nyuma ya meza na tenga langu. Ncha moja ya kamba niliifunga kwenye nondo ya dirisha la ukumbi. Nyingine fundi aliipokea bila kuambiwa, akaifunga kwenye ndoano upande wa pili wa picha. Ikapita mbele ya mlango wangu pale pale inapopita kila siku. Nikaanza kuanika. Shuka langu. Gauni langu la kufulia. Halafu mashati meupe, moja baada ya jingine, kila moja na vibanio vyake. Sikuwa nimeyakamua sana. Maji yakawa yanadondoka kwenye sakafu waliyoisugua ikang'aa, na ukumbi mzima uliyasikia.

"Mama Dobi," Bwana Tai akasema kwa meno, akiwatabasamia wageni. "Vitambaa vinatosha. Hizo peleka nyuma."

"Hizi zinakaukia hapa. Zimekuwa zikikaukia hapa tangu baba yangu yuko hai. Na hayo ni mashati yako, kama umeyasahau."

Mgeni rasmi akavaa miwani yake. "Huyu ni nani?"

"Ni dobi tu, mheshimiwa. Naona hayuko sawa leo."

"Dobi tu, ndiyo," nikasema. "Na siku iliyopigwa hii picha nilikuwa nyuma ya mlango huo hapo, nimekumbatia mashati yake mabichi. Niliambiwa nijifiche ili nyumba yangu ipendeze. Sasa imependeza, wanaitaka."

Akaitazama picha, akanitazama mimi. "Nani alikuambia ujifiche?"

Jina nilikuwa nalo mdomoni. Sikulitoa. Nilimwangalia Jicho, na kila mtu akafuata ninapoangalia, na yeye akabaki ameshika kamera kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kumwaga maji. Nilimlaani moyoni. Nikamngoja.

"Haya tutayazungumza ofisini," Bwana Tai akadakia. "Tupate picha ya kumbukumbu, waandishi wanasubiri. Mama, sogea kidogo. Uko kwenye picha."

Nilishika kamba kwa mkono mmoja nisije nikamshika yeye.

"Ni mimi," Jicho akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo, ikabidi alirudie.

"Mimi ndiye niliyemwambia ajifiche. Ni shangazi yangu. Anakaa hapo, na mimi nimekulia hapo. Nguo zilikuwepo, niliomba zianuliwe. Huyu fundi nilimfungisha duka." Akageuka akauonyesha ukuta mzima kwa mkono. "Zote hizi, mheshimiwa, niliwatoa watu kwanza. Kisha nikafuta zile walizokuwemo."

"Unajua unachosema?" Bwana Tai akamuuliza. "Unaivunja kazi yako mwenyewe."

"Najua."

Mgeni rasmi aligeuka taratibu, akazitazama upya picha za nyuma yake, zile ngazi, ule uwanja, kile kichochoro chetu. Kisha akaja akasimama kando yangu chini ya kamba. Mkono wa shati ukamdondokea begani na hakuukwepa.

"Piga hii," akamwambia Jicho. "Hii ndiyo nitakayoiweka mezani kamati ikikaa."

Jicho akainua kamera, akafumba jicho lake. Akaishusha tena.

"Bwana mkuu," akasema, "naomba usogee. Uko kwenye picha."

Bwana Tai akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakuna aliyemsaidia. Akarudi nyuma, na nyuma tena, mpaka akagonga meza yenye vitambaa nilivyomfulia.

Kamera ikainuka mara ya pili. Machozi yalikuwa yakimtoka yule mtoto, na mimi sikumwonea huruma. Huruma itakuja siku yake, labda nikishamaliza kukasirika, na hasira bado nilikuwa nayo nyingi.

"Shangazi," akasema, "usisogee."

"Sikuwa na mpango wa kusogea," nikamwambia. "Piga."